Shajara ya mradi: kutoa ganzi mkononi, Isevya mpaka mizinga ya mjomba

Mei 5

Naanza kuandika leo kwa sababu nikisema nitakumbuka najijua, sitakumbuka. Mi ni fundi simu, meza yangu iko karibu na soko kuu hapa Tabora, nakaa Isevya, na ugali wangu wote unatoka kwenye ncha za vidole. Leo asubuhi nimedondosha skrubu moja ya simu ya mteja mara nne. Zile skrubu ziko kama mbegu ya mchicha, unaikamata na kibano unaipeleka kwenye tundu taratibu, sasa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia na nusu ya kidole cha pete vilikuwa kama havipo, naviona ila ukivigusa ni kama unamgusa mtu mwingine. Mteja ananiangalia, najifanya nimepaliwa.

Sababu naijua, ni baiskeli. Juzi Jumamosi nilienda kwa mjomba njia ya Sikonge, kilometa 38 kwa hesabu ya simu, lami mpaka pale unapoiacha barabara kubwa halafu kilometa 7 za mchanga na mizizi, nikalala, jana nikarudi. Ganzi ilianza dakika ya 25, yani Kipalapala hata sijaipita. Kurudi ikaongezeka na misuli, kiganja kinajikunja chenyewe kama kucha za mwewe halafu hakikunjuki, mpaka nakibandua kidole kimoja kimoja na mkono mwingine huku natembea. Kufika nyumbani nimeshindwa kuzungusha ufunguo, wife kafungua kwa ndani anacheka.

Kuacha kwenda siwezi. Msimu wa asali ndo huu unaingia, mjomba ana mizinga ya magome na ya kisasa huko porini na mimi ndo namuuzia mjini. Nauli ya bodaboda kila wiki inakula faida yote.

Kwahiyo mradi ni huu: mpaka Sabasaba niende kwa mjomba nirudi na asali lita 20, na kesho yake asubuhi nishike skrubu bila kudondosha. Kipimo changu ni dakika ngapi kabla ganzi haijaanza. Leo tumeanza na 25.

Baiskeli yenyewe ni mtumba, ile ya milimani, tairi inchi 26, gia 18 zinazokubali 5, usukani umenyooka kama mpini wa fagio. Nilivyoinunua ndivyo ilivyo, sijawahi kugusa kitu zaidi ya cheni.

Mei 7

Jaribio la kwanza, najua mtacheka. Nilikuwa na kipande cha sponji ya godoro, nikakifunga kwenye mashikio mawili ya usukani, juu nikazungusha mpira wa tyubu. Ikatoka minene kama mahindi mawili ya kuchoma. Nikaenda Kwihara na kurudi, kama kilometa 14 kutoka kwangu, hiyo ndo njia yangu ya majaribio kuanzia sasa maana ina vumbi, ina mchanga, ina mashimo, kila kitu.

Ganzi dakika ya 19. Imekuwa mbaya zaidi!! Sponji ikikandamizwa inabonyea mpaka inaisha, unabaki na chuma kilekile, halafu kwa sababu shikio limekuwa nene vidole havifiki kuzunguka, unakamua kwa nguvu mara mbili ili lisikuponyoke. Nimetoa yote nikampa mtoto achezee.

Mei 10

Mdogo wangu wa kwa mama mdogo anasomea fiziotherapia, yuko likizo. Nikamwita aje ale chapati. Nimemwonyesha vidole, hakuniuliza hata baiskeli, kaniuliza tu "kaka, unakumbuka ukigonga kiwiko kwenye meza unavyopigwa shoti mpaka kidole cha mwisho?" Nikamwambia ndio. Akasema basi ni neva hiyohiyo, yani mshipa wa fahamu. Inapita nyuma ya kiwiko, inashuka mkono mzima, ikifika kwenye kiganja inapenya kwenye kipenyo chembamba kati ya vifupa viwili, upande wa kidole kidogo, chini pale kwenye ule mnofu. Kipenyo hicho kina jina, kinaitwa cha Guyon, daktari wa Kifaransa aliyekieleza mwaka 1861. Juu yake hakuna nyama ya maana ya kuikinga. Sasa wewe unachukua kilo zako unazilaza palepale juu ya chuma saa nzima, barabara ya mashimo inagonga kwa chini, neva inafanyaje? Inalala.

Akasema kuna neva nyingine inapita katikati ya kifundo cha mkono, hiyo ikibanwa wanaokufa ganzi ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya pete, na hiyo mara nyingi inaumia kifundo kikiwa kimepinda, mkono umekunjwa kwa nyuma. Kwahiyo vidole vyenyewe vinakwambia unakosea wapi. Hii nimeipenda sana, ni kama kusoma simu iliyokufa, unaangalia laini gani haina moto unafuata njia yake.

Halafu kanifanyia kitu cha karatasi. Kanipa karatasi niibane kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, huku gumba limenyooka, yeye anaivuta. Misuli ile ikiwa imedhoofika gumba linajikunja lenyewe ili kusaidia. Langu halikujikunja, la kulia na la kushoto. Akasema hapo bado tuko salama, ni ganzi ya kubanwa inayokuja na kuondoka, ila siku gumba likijikunja, au ganzi ikikaa siku kadhaa bila kuachia, au ile nyama kati ya gumba na kidole cha shahada ikianza kuzama, "kaka usije kwangu, nenda hospitali, mi bado mwanafunzi." Chapati kala sita.

Mei 13

Nimenunua glavu za mtumba, zile zisizo na vidole, zina mito kwenye kiganja, elfu tatu. Dakika 27. Yani nimeongeza mbili. Mto wenyewe umekaa juu ya palepale mnofu ulipo, mkandamizo uleule ila sasa una kitambaa. Angalau jasho halitelezi. Nazibakiza.

Mei 17

Leo ndo nimepata kitu, na sijakipata kwa fundi wala kwenye vidio.

Narudi kutoka Kwihara nimesimama kivulini chini ya mwembe nakung'uta mkono, anakuja mzee na baiskeli yake nyeusi ya Phoenix, nyuma magunia mawili ya mkaa yamesimama kama watu. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, mbona unapunga mkono kama unafukuza nzi? Nikamweleza. Akaniambia hebu panda uende mpaka kwenye ule mti urudi. Nikaenda nikarudi. Akasema, "Wewe hujaikalia baiskeli, umeiegemea."

Nikamuuliza yeye mikono haifi ganzi? Akanionyesha mikono, kila kiganja kigumu kama soli, akasema inachoka ila haifi. Nikaangalia anavyokaa. Usukani wa Phoenix uko juu halafu unakurudia mwenyewe kama pembe za ng'ombe, mzee amekaa wima, uzito wote uko kwenye makalio na miguu, mikono imening'inia tu pale inaongoza. Mi usukani wangu uko chini kuliko siti, mbali, nimeinama kama nanywa maji kisimani. Wiki mbili nahangaika na mikono kumbe mikono inabebeshwa kazi ambayo si yake.

Nikipita Kwihara huwa nawaza sana wapagazi, maana pale ndo liko lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, Stanley kaondoka mwezi wa tatu, yeye kabaki anasubiri watu wa kumbebea mizigo mpaka mwezi wa nane. Babu zetu Wanyamwezi walitoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu na mzigo begani. Nao bila shaka walikuwa na mambo yao ya wapi uzito ukae.

Mei 18

Siku ya siti. Hii naandika kwa kirefu maana hapa ndo penyewe.

Kwa macho siti yangu ilikuwa imenyooka. Nikaweka apu ya kupima mlalo kwenye simu, nikailaza simu juu ya siti, ikasema iko sawa, baadaye nikagundua simu yenyewe ina nundu ya kamera kwa nyuma, haiwezi kulala sawa popote. Fundi simu mzima!! Nikaenda kwa jirani fundi ujenzi nikaazima pima maji. Baiskeli nimeisimamisha sehemu ya sakafu niliyoipima kwanza, nikaweka rula ndefu ya mbao kutoka nyuma ya siti mpaka puani, juu ya rula pima maji. Kile kipovu kilikimbilia nyuma kikagonga mwisho. Ukiweka rula isimame sawa, pua ya siti ilikuwa chini kwa upana wa vidole viwili na kitu.

Sasa fikiria. Siti imeinama mbele, wewe kila ukikanyaga pedeli unateleza kidogo kwenda mbele, na unachojizuia nacho ni mikono. Kutwa nzima unajisukuma kurudi nyuma bila kujua.

Chini ya siti kuna kifungio chenye nati kila upande, ukilegeza zote mbili siti inainama na inateleza mbele na nyuma kwenye vyuma vyake viwili. Zangu zilikuwa na kutu, nimeweka mafuta ya taa nikanywa chai nikarudi zikakubali. Nikainua pua mpaka kipovu kikakaa katikati, halafu nikairudisha siti nyuma kama sentimeta mbili.

Kwenye jaribio la kwanza nilizidisha, nikainua pua juu ya usawa. Sitaelezea kilichotokea, wanaume mnajua, nilirudi nimesimama. Siti iwe sawa tu, usijifanye mjanja.

Kuna jaribio zuri la kujua kama uzito umekaa vizuri: ukiwa sehemu tambarare isiyo na gari, unakanyaga kwa nguvu ya kawaida, unainua viganja kidogo tu juu ya usukani, sentimeta moja, sekunde moja. Ukianguka mbele kama umesukumwa, mikono ndo ilikuwa imekubeba. Ukibaki hapohapo, uko vizuri. Jana ningevunja meno. Leo nilibaki, nikayumba kidogo ila nikabaki.

Dakika 44. Bila kununua kitu.

Mei 19

Goti la kulia linauma kwa nyuma. Siti imeenda nyuma kwahiyo mguu unanyooka zaidi kufikia pedeli. Nimeishusha siti kidogo sana na kuirudisha mbele nusu sentimeta. Ukigusa kimoja vyote vinasogea, niandike hii kwa herufi kubwa ukutani.

Mei 25

Leo usukani, kuupandisha. Nimempelekea fundi baiskeli anayekaa chini ya mwembe njia ya kwenda stesheni, nikabaki kuangalia maana sipendi kuacha kitu changu.

Baiskeli za zamani kama yangu shingo ya usukani imeingia ndani ya bomba kama mwiko kwenye chungu, ndani kuna kabari. Fundi kaingiza spana ya aleni juu, kalegeza bolti mizunguko kama minne, usukani haukutikisika hata kidogo. Mi nikajua imekufa. Kachukua kipande cha mbao kaweka juu ya kichwa cha bolti, kapiga nyundo moja, tok, kabari imeachia, usukani ukawa huru kama jino la mtoto. Kavuta juu. Nikamwambia panda zaidi, akakataa, akanionyesha kwenye shingo kuna mstari mdogo umechongwa, huo ukionekana nje umezidisha, shingo inabaki imeshikwa kwa ncha, siku ukipiga shimo inakatika unabaki na usukani mkononi kama sahani. Tukaacha chini ya mstari. Kapaka grisi kabla ya kuirudisha, na waya wa breki ya mbele ukawa mfupi ukabidi kubadilisha, elfu mbili.

Usukani sasa uko juu ya siti kwa kama vidole vitatu. Watu wa mashindano wangenicheka, wao wanainama kukata upepo. Mi sikimbizi mtu, natafuta skrubu.

Dakika 63. Imebidi nizunguke Kwihara mara mbili maana safari iliisha kabla ya ganzi!

Juni 1

Ganzi imepungua, sasa nahamia kwenye misuli kubana, maana hii ni shida nyingine kabisa. Nimejichunguza nikagundua inakuja baada ya mteremko na sehemu za mashimo. Pale nakuwa nimeshika breki muda wote. Na breki zangu zilikuwa na dhambi tatu.

Kwanza mikono ya breki ilikuwa imeinuka juu, nikiweka vidole kifundo kinakunjika kwa nyuma, ile ile aliyonionya dogo. Nikalegeza skrubu nikaizungusha ishuke mpaka nikikaa kawaida, mkono kutoka kiwiko mpaka vidole unakuwa mstari mmoja. Pili ilikuwa mbali na shikio, vidole vyangu vifupi, navuta kwa ncha. Kuna kaskrubu kadogo kapo kwenye mkono wa breki watu wengi hawajui ni ka nini, ukikakaza breki inakuja karibu na shikio. Miaka miwili nakaona najua ni pambo. Tatu waya wa nyuma ulikuwa umekauka ndani ya ala, kuvuta breki ni kama kukamua nguo nzito. Nimeuchomoa, nimeufuta, nimeupitisha mafuta ya cherehani ya mama Zai jirani, sasa navuta kwa vidole viwili.

Hakuna kubana leo. Kitu cha mafuta ya cherehani jamani.

Juni 8

Upepo wa tairi. Fundi wetu akijaza anabonyeza kwa gumba, likigoma kabisa ndo anasema tayari. Tairi gumu kama jiwe, kila kokoto unalisoma mkononi. Yangu ni pana, ubavuni imeandikwa kiwango cha chini na cha juu, na sisi tulikuwa tunajaza kwa juu kabisa. Nimepunguza ya mbele zaidi kuliko ya nyuma, nyuma ndo kuna uzito. Mtikisiko umepungua mpaka nikajisikia kama niko kwenye lami.

Nikafurahi nikatoa tena kidogo. Kosa. Nimegonga jiwe karibu na Kwihara, tairi limebonyea mpaka rimu imeibana tyubu, tukatoka na matundu mawili yamekaa sambamba kama kaumwa na nyoka. Nimeziba njiani watoto wananizunguka wananihoji kama polisi. Ukiona matundu mawili ya hivyo usitafute mwiba, hakuna, ni upepo mdogo. Nimerudisha upepo mpaka katikati ya vile viwango viwili nikaacha.

Juni 15

Hii ya leo haina spana. Wife alikuwa nyuma yangu na baiskeli ya kaka yake tunaenda msibani, tulivyofika ananiambia "baba Neema, mbona ukiendesha mabega yanagusa masikio?" Nikabisha. Kurudi nikajiangalia, kweli. Mabega juu, viwiko vimenyooka kama vijiti, vidole vimeng'ang'ania usukani kama utatoroka. Kiwiko kikinyooka kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka shingoni, kikikunjwa kidogo kinameza.

Mjomba aliwahi kunifundisha kushika fremu ya mzinga yenye nyuki, alisema shika kama kifaranga, asikimbie na asife. Nimeanza kushika usukani hivyo. Tatizo nasahau baada ya dakika mbili. Kwahiyo nimejiwekea utaratibu: kila nikipita kalavati nashusha mabega, nakunja viwiko, napiga kinanda na vidole kwenye usukani, mkono mmoja kisha mwingine. Watu wanaona nna wazimu. Sawa.

Juni 22

Usukani ulionyooka una ubaya mmoja hauna dawa: kuna sehemu moja tu ya kuweka mkono. Phoenix ya mzee unaweza kushika huku au kule. Nimepata pembe mbili za kufunga mwisho wa usukani kutoka kwenye baiskeli iliyokufa kwa fundi, elfu nne zote mbili, sasa nikichoka na shikio nahamia kwenye pembe, kiganja kinageuka kinatazamana na mwenzake kama unasalimia watu wawili kwa mpigo, na mzigo unahama kutoka kwenye ule mnofu.

Kuna mashikio yanayouzwa yana ubawa mpana wa kuegemeza kiganja. Hapa Tabora sijayaona. Nimechukua kandambili ya zamani, nikakata kipande kama jani la mwembe, nikakichonga na wembe upande mmoja kiwe chembamba, nikakifunga kwa tyubu nyuma ya shikio pale kiganja kinapoishia. Tofauti yake na sponji ni kwamba kandambili haibonyei mpaka ikaisha, inatandaza tu uzito sehemu pana. Kata ya kwanza ilikuwa kubwa inazuia gumba, ya pili imekaa. Kandambili moja imetoa mabawa mawili, iliyobaki mtoto wa jirani kaitengenezea matairi ya gari lake la waya.

Dakika 88. Kushoto, siyo kulia. Kulia sikuisikia kabisa mpaka nimefika.

Julai 7, Sabasaba, usiku

Nimeenda jana nimerudi leo. Kwenda hakuna la kusimulia, kibaridi cha asubuhi kimenikaza vidole robo saa ya kwanza mpaka damu ilipochemka, basi. Nimefika, salamu za kwetu mwangaluka mwangaluka, ugali wa muhogo, mjomba ananitazama mabawa ya kandambili anatikisa kichwa.

Shida ilikuwa mzigo. Asali ni nzito kuliko maji, lita 20 za maji ni kilo 20 ila za asali zinafika kama 28. Mjomba kanifungia ndoo nzima juu ya keria. Nimepanda, mbele kumekuwa kwepesi, usukani unacheza kama mkia wa mbuzi, na mimi hapohapo nimerudi kwenye kung'ang'ania, mabega masikioni. Mita mia mbili tu za mchanga nimeshuka. Kazi yote ya miezi miwili inapotea kwa sababu ya ndoo!

Tukakaa chini tukafikiri. Tumeimimina kwenye madumu mawili ya lita 10, moja kila upande wa keria, yameshuka chini karibu na ekseli, yamefungwa na mpira wa tyubu yasipige spoku. Mjomba alitaka dumu moja nilitundike kwenye usukani, nikamwambia mjomba samahani, hapo hapana, huko ndo kunaumwa. Baiskeli ikatulia.

Kilometa 7 za mchanga nimesukuma sehemu mbili, sioni aibu. Kwenye lami kila kalavati mabega chini, piga kinanda, hamia pembe, rudi shikio. Nimepumzika mara moja kununua karanga. Baada ya lisaa na nusu kidole cha mwisho cha kushoto kikaanza kuwasha, nikahamia pembe kikaachia, kikarudi tena nakaribia mjini. Misuli haijabana hata mara moja. Makalio ndo yanauma, ila hayo hayako kwenye mradi.

Mlangoni nimezungusha ufunguo mwenyewe. Wife alikuwa amesimama nyuma yangu anasubiri kuona.

Julai 8

Saa mbili asubuhi, mezani. Mteja wa kwanza simu imeingia maji, skrubu saba. Nimezitoa zote nimezirudisha zote. Moja imedondoka, ila ni kwa sababu mtu wa bodaboda kanipigia honi mgongoni.

Nimerudia ile ya karatasi na dogo kwa vidio, gumba limenyooka mikono yote. Anasema hicho cha kushoto nisikidharau, huenda pembe ya kushoto imeinuka zaidi ya mwenzake. Nimeenda kuangalia, kweli, imeinuka, na bolti yake imeanza kula nyuzi, inazunguka bila kukaza. Jioni napita kwa fundi kutafuta nyingine, maana mjomba kashatuma ujumbe kwamba madumu mawili mengine yako tayari na nisichelewe, siafu wameyaona.